Sala Iliyo Ndani ya Folda

Kapkatet, Jumapili

Kwa ndugu yangu Kipkirui,

Hushiki simu, ndiyo maana nakuandikia. Mvua ya mawe ilipiga chai ya chini, ya juu imepona. Ng'ombe amezaa ndama wa kike.

Tangu tumzike Baba, kila Jumapili Mama huniambia niweke simu mezani asikie rekodi ya Baba akiombea chakula. Leo ile folda ya mtandaoni yenye sauti zake imekataa kufunguka. Inasema sina ruhusa. Nimemwambia Mama ni mtandao umepotea.

Ni mimi niliyemfungulia Baba ile folda kwa barua pepe yake. Akasema wewe upewe mamlaka yote, mimi niangalie tu, kwa sababu msichana ataolewa. Nilibonyeza kwa hiki kidole changu.

Nimeomba ruhusa mara nne. Baba hayuko, kwa hivyo ombi linakuja kwako tu.

Najua shida ni ile rekodi nyingine iliyo humo, ya Baba akinigawia chai ya juu. Ifute, ndugu yangu. Sitauliza. Lakini ile sala turudishie. Mama bado amefunga macho, na chakula kimepoa.

Dada yako,
Chepngetich