Kisomaji Kimelala Tena

Kitale, 8 Novemba 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Macho yanaendeleaje? Mimi na kazi ya zahanati tuko salama, ila kikohozi kidogo.

Kwa kuwa simu huisikii na maandishi yake huyaoni, nimekutumia kisomaji kwa basi. Ni cha kusomea vitabu. Herufi unazikuza utakavyo, na chaji inakaa wiki sita. Cha kwanza kabisa humo ni barua yangu ndefu, habari ya Simiyu, yule mwalimu. Watu wao wanataka kuja kwako Jumamosi tarehe 20 Desemba na mbuzi wa ntheo, kama desturi yetu Wakamba inavyotaka, ili nihesabiwe mke wa watu. Lakini kuna jambo lazima ulijue kabla ya kukubali. Nimelieleza humo, ulisome wewe peke yako. Bila neno lako hawatatoka kwao.

Binti yako,
Ndanu

Jericho, Nairobi, 17 Novemba

Mwanangu Ndanu,

Mimi mzima, isipokuwa magoti. Kikohozi kimepoa?

Kifaa kimefika. Aliyekiunda hajawahi kuwa mzee. Chembamba kama ubao wa dari, kinateleza, na kitufe wamekificha chini ukingoni. Hata hivyo nilisoma ukurasa wa kwanza, mpaka uliposema, "Baba, kuna jambo moja kuhusu Simiyu." Hapo kikaniteleza mikononi, nikakiweka chini kisije kikavunjika.

Basi nikakichongea sanduku la mpingo, lenye mpini wa kushikia na mfuniko wa kukunjia nyuma. Linafungwa kwa sumaku niliyoitoa kwenye spika kuukuu. Limetoka vizuri sana, hata Kavindu wa mlango wa pili anataka la Biblia yake. Lakini sasa kifaa hakiamki. Nabonyeza, wapi. Na kwenye kioo kuna picha ya maua, imetulia tu. Kitu kilichokufa kinaonyeshaje picha? Niambie, kimekufa au kiko hai?

Baba yako

Kitale, 24 Novemba

Baba mpendwa,

Pole kwa magoti. Kikohozi kimeisha.

Picha hubaki kwenye kioo hata chaji ikiisha. Ndivyo kilivyoundwa, kinatumia moto kidogo sana, hasa unapofungua ukurasa. Kitie chaji, ubonyeze kitufe, usubiri.

Simiyu ananiuliza kila siku. Kama jambo lenyewe umelisoma na limekuudhi, niambie tu, Baba.

Binti yako,
Ndanu

Jericho, 5 Desemba

Mwanangu,

Natumai hujambo. Mimi si mgonjwa, ila kichwa kimejaa.

Nilikitia chaji siku mbili ndani ya sanduku lake. Wapi. Nikakipeleka sokoni Muthurwa kwa Magan, fundi wa simu. Sanduku nililiacha nyumbani, maana pale vitu vina miguu. Magan akabonyeza mara moja, kikaamka. Akaniandikia kwenye kipande cha boksi: "Mzee, hii iko fiti. Chaji imejaa." Niliona aibu. Mambo yako sikutaka kuyasoma pale, watu wakichungulia, nikarudi nyumbani, nikakiweka sandukuni, nikaketi vizuri. Kimelala tena.

Kwa Magan kinaamka, kwangu kinalala. Miaka arobaini na mbili nachonga, hakuna mti uliowahi kunifanyia hivi. Sielewi chochote, Ndanu. Usiwajibu watu wa Simiyu bado.

Baba yako

Kitale, 12 Desemba

Baba,

Natumai u mzima.

Fundi anasema kizima, wewe unasema kimekufa. Nimeisoma barua yako mara tatu na sijui niamini lipi. Mwezi mzima nangoja neno moja, nawe unaniandikia betri. Kama ni hapana, ni haki yako.

Jana nilimwambia Simiyu watu wao wasije. Inaniuma sana.

Ndanu

Jericho, 17 Desemba

Mwanangu Ndanu,

Salamu zitangoja, nianze na kosa langu.

Barua yako ilifika jana. Nikarudi kwa Magan na hasira zangu, safari hii na sanduku lenyewe, nimwonyeshe kinavyokufa. Akakitoa, kikaamka. Akakirudisha, kikalala. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akaandika: "Mzee, ni hiyo sumaku yako. Hii kitu ikisikia sumaku inadhani imefunikwa, inalala. Ilitengenezwa hivyo." Mwezi mzima nimekifunika kwa mikono yangu mwenyewe, nikakilaumu.

Nimesoma yote pale pale Muthurwa, nimeketi juu ya gunia la vitunguu, wachungulie wakitaka. Kwamba Simiyu alifiwa na mkewe, na ana msichana wa miaka sita, Mideva, anayekuita mama. Hilo ndilo ulilohofia kuniambia? Nililia, mama, na si kwa ubaya. Nilikuwa najiuliza mjukuu nitamwona lini, kumbe ameshaanza shule.

Kaka yako Walter ananiuliza tangu lini baba wa msichana akawaendea wakwe. Nimemwambia mimi ndiye niliyewafungia mlango, basi ni mimi wa kwenda kuufungua. Barua hii inapanda basi leo, mimi napanda kesho kuja huko. Nitawaomba watu wa Simiyu kwa kinywa changu waje Jumamosi, na wakishindwa, siku yoyote watakayo. Viti nimeshaazima kanisani.

Kisomaji nitakibeba mfukoni. Sanduku nakuja nalo pia, na sumaku sijaitoa, maana linafunga vizuri. Mwambie Mideva ni la penseli zake.

Babu yake