Damu ya Kitovu Imekatika

Kwa heshima, Kaka Rajabu, shikamoo.

Madhumuni ya kadi hii kutoka Temeke ni kukuarifu kwamba kitovu cha mjukuu wetu kimeacha kuvuja damu. Daktari alinieleza, nami nikamwomba arudie ili niandike sawasawa: katika damu zimo protini zinazoshika kalsiamu, na kwa kalsiamu hiyo hujibandika kwenye utando wa chembe ndogo za damu, ndipo damu huganda. Za mtoto hazikuweza kuishika vema, kwa kukosa vitamini K. Alichomwa sindano, na kufikia adhuhuri kitambaa kilikuwa kikavu. Leo wali umelika, baada ya siku mbili za chai tupu.

Daktari alipoutazama uzi wa kitovu aliuliza, "Nani kafunga hivi? Hata mbuzi asingechomoka."

Dada yetu Mwanaidi, mkunga uliyemkataza kumgusa mtoto kwa tuhuma za kufunga vibaya, alijibu kutoka mlangoni, "Mie, mwanangu," kisha akalia.

Bado amekaa pale mlangoni, akisubiri kauli yako. Naomba uamuzi, kaka: je, aruhusiwe kumwogesha mtoto?

Mdogo wako mtiifu,
Salehe