Halbadiri ya Pampu

Alhamisi, 10 Julai 2025
Leo tumesoma Halbadiri. Pampu ya kisima chetu hapa Mtongwe imetoweka wiki nzima sasa, na wazee wameona polisi ni mbali, dua ni karibu. Aliyeiba na adhihirike! Mimi, katibu wa kamati, nilikaa mbele — karibu na sinia la halua, kama kawaida yangu. Amina yangu ilizishinda zote. Haki itendeke, nikasema. Mdomo umejaa halua.

Jumapili, 13 Julai
Munga ameanguka bafuni. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hausikii. Daktari asema presha. Mtaa wasema dua imempata. Munga! Aliyekichimba kisima kile kwa mikono yake. Hakuna aliyekwenda kumtazama. Nami sikwenda. Mke wangu Mwanarehema kaniuliza kama nangoja kadi ya mwaliko.

Jumatano, 16 Julai
Fundi Kioko karudi kutoka mazikoni Kitui. Kanipigia: njoo uchukue pampu yenu, iko tayari.
Pampu gani?
"Mzee, si wewe uliniambia nikipata nafasi niichukue, inavuja? Ufunguo nikaupata palepale juu ya mlango. Nikakupigia, ukawa hupatikani."
Kweli nilimwambia. Tangu Ramadhani! Nikasahau. Mtaa mzima unatafuta mwizi, na hakuna mwizi. Kuna mimi tu.

Alhamisi, 17 Julai
Nimemweleza mwenyekiti, Mzee Suleiman. Kanisikiliza kwa upole, kanimiminia kahawa. Tukitangaza, asema, nani tena ataogopa dua? Na Munga huenda ana lake jingine, Mungu hakosei. "Iache pampu mlangoni pa kisima alfajiri. Watu watasema mwizi kaingiwa na hofu."
Nikasema hiyo si haki. Akaniuliza haki nimeijua lini, mimi niliyesahau pampu. Nikamaliza kahawa yake.

Ijumaa, 18 Julai
Baada ya swala nimekuja kwa Munga. Kusema! Njiani nimekariri maneno kama mwanafunzi wa chuoni. Mkewe, Nyamvula, kanipokea kwa furaha iliyonivunja nguvu — ndimi mgeni wa kwanza.
"Karibu, shemeji. Mungu kakuleta." Kisha akanong'ona: Munga amekubali. Atasema aliiba, aombe radhi mbele ya kamati, dua iondolewe, mkono urudi. "Ila hajui aliipeleka wapi. Twambie ilikuwa ya namna gani, shemeji, tununue kama ile. Mbuzi wapo, tutauza."
Munga akanitazama. Akajikaza mpaka mate yakamtoka.
"Nsa... mehe, katibu."
Kamati yaja saa kumi. Sasa ni saa tisa u nusu. Nyamvula kanipa karatasi niandike ungamo, Munga atie dole gumba. Iko magotini pangu, juu ya daftari hili. Nimeandika tarehe. Nimeandika jina lake. Nyamvula auliza mbona kalamu yangu yakimbia huku daftarini, na kule kwenye karatasi bado...