Migongo ya Picha za Kwaya

Jumatatu, 3 Machi
Skana ya duka imekwama tena. Nimeipiga kofi, ikakubali. Albamu ya kwaya, anayoitunza Mama Vumilia: picha za tangu Bukavu, Kongo, mpaka hapa Durban, zitaonyeshwa kanisani Jumapili. Mama Odette, kiongozi wao, amesisitiza: niskani mbele tu. Mama Vumilia na marehemu Mama Espérance wamo katika picha kumi na moja. Kila mara kitenge kimoja, mshono mmoja. Kwetu hivyo huvaa mtu na mumewe. Kwaya husema walikuwa marafiki. Haya.
N. hajapiga simu. Naandika herufi tu, dada yangu hupekua daftari hili.

Jumanne, 4 Machi
Gundi imekauka, picha moja imeanguka. Nyuma, wino wa bluu: "Souvenir, ukumbusho kwa mke wangu Vumilia. Kitenge hiki usikivae bila mimi, wala usilale bila mimi. Espérance."
Nimelia dukani, mjinga mimi. Dada husema mwanamke kumpenda mwanamke ni tabia ya kuokotwa Durban. Kumbe ilipanda basi na mama zetu.
Nimebandua zote kumi na moja. Nimeskani migongo yote. Nimemtamani N. mpaka aibu.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Nimetoka kununua mkate, bosi akampa Mama Odette flashi. Migongo imo humo, kila mmoja baada ya uso wake. Jumapili kanisa zima litasoma. Na chumba anacholala Mama Vumilia ni cha kanisa.
Nimempigia Odette mara sita. Hapokei. Sijala.

Ijumaa, 7 Machi
Mtaa wa Jacobs, getini kwa kiwanda anachofanya kazi Odette, tangu alfajiri. Nimedanganya: flashi ina virusi. "Eish, we mutoto wa kike, ungesema mbele! Sijaifungua hata." Akaitoa mkobani. Nimekimbia nayo dukani.
Nimefuta migongo, nimemrudishia. Nimebaki na nakala. Sina haki nayo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimempelekea Mama Vumilia albamu na nakala. Nimekiri yote, nikangoja matusi. Alisoma polepole. "Ile kitenge iko. Tangu amekufa, sijaivaa." Kisha: "Na wewe, wako ni nani?"
Nimemaliza chai, nimekimbia. Mwoga.

Jumapili, 9 Machi
Nyuso zimepita ukutani, watu wakiimba. Makofi. Mama Vumilia alikaa mbele na koti, joto lote hili. Espérance alipotokea, akalivua. Kitenge kilekile cha pichani. Picha zao zilipopita, akalivaa koti tena.
Watu waliendelea kuimba.
N. wangu anaitwa Nadège.