Donge la Udongo kutoka Matema

Ipyana, 21 Aprili 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Mimi mzima, isipokuwa mkono. Naandika kwa kushoto, usicheke. Tangu mkanda wa mashine ya kukoboa mpunga unipasue kifundo cha mkono wa kulia mwezi wa tatu, vidole viwili havisikii kitu. Sylvester, daktari kijana aliyenishona siku ile, kila nikimuuliza anajibu, "Subiri." Nisubiri nini? Juzi nilishika sufuria ya moto, nikajua naungua kwa kusikia harufu. Mashine hii nimeinunua bila mume wala mjomba, na mpunga unaingia mwezi wa sita. Kidole kisichosikia kitarudi kwenye mkanda. Tarehe mbili naenda Mbeya kwa daktari mkubwa wa mikono. Nataka avikate.

Mwanao,
Tusajigwe

Matema, 24 Aprili 2024

Mwanangu Tusa,

Ndaga, asante kwa barua, jirani yetu Ezra ameileta aliporudi kuuza vyungu. Mguu ni ule ule. Tangu simu yangu itumbukie ziwani sijaisikia sauti yako, lakini hata katika mwandiko huu wa kuku nimesikia umekasirika. Vidole hivyo nilivizaa mimi. Kabla hujaomba kisu, muulize huyo wa Mbeya: vimekufa au vimelala? Akisema vimekufa, sitakuzuia.

Mama yako,
Neli

Ipyana, 4 Mei 2024

Mama,

Shikamoo. Nimerudi na vidole vyote. Kaa nikusimulie.

Daktari ni mama wa umri wako. Nilimmwagia malalamiko yote juu ya Sylvester. Akasoma karatasi ya upasuaji mara mbili, kisha akasema, "Huyu kijana ameunga mshipa wa fahamu kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mimi siugusi." Nikamuuliza swali lako. Alinigonga kwa ncha ya kidole kuanzia kwenye kovu, taratibu, kuelekea kiganjani. Mahali pamoja, mama, shoti ilikimbia mpaka kwenye kidole kile kile ninachokiita maiti. "Mshipa umefika hapa," akasema. "Unaota kama mzizi. Milimita moja kwa siku."

Nilitoka nikakaa kwenye ngazi. Nyumbani nikapima kwa rula: bado milimita mia moja na sitini mpaka ncha ya kidole. Mimi nagombana na watu, kumbe ndani ya mkono wangu kuna kitu kinatembea gizani, kinajua njia, wala hakijaniomba ruhusa.

Nimempelekea Sylvester mkungu wa ndizi. Aliuliza kama nimekuja kugombana. Mashine ataendesha Gwamaka, kibarua wangu, msimu huu. Anatoa chenga tupu, ila vidole vyake vinasikia.

Mwanao,
Tusajigwe

Matema, 10 Novemba 2024

Mwanangu,

Ndaga. U mzima? Siku ulizopima zimepita na hujaandika. Siulizi. Nakutumia donge la udongo, nimelifunga kwa jani la mgomba lisikauke. Unakumbuka nilivyokuwa nakufunga macho kwa kitenge, upapase udongo utoe changarawe, maana ikibaki chungu kinapasuka motoni? Ulichukia, ukakimbilia mashine. Humo nimetia changarawe moja. Fumba macho, tumia vidole viwili vile tu. Usipoiona, nyamaza. Nitaelewa.

Mama yako,
Neli

Ipyana, 12 Januari 2025

Mama,

Shikamoo, na unisamehe huo ukimya. Novemba sikuona kitu. Nikalifunga tena donge, kila asubuhi nalinyunyizia maji, napapasa. Wateja wakasema Tusa amerudi utotoni. Jana, macho nimefumba, kidole kikagusa kitu. Kidogo, kikali. Nikakaa chini kwenye pumba nikalia, Gwamaka akazima mashine akidhani nimeumia tena. Nilikuwa kama mtu aliyebishiwa hodi kutoka ndani ya mwili wake mwenyewe.

Mwandiko nadhani umeuona, ni wa kulia.

Ila nina lalamiko moja. Uliandika changarawe moja. Nimetoa tatu. Zimo kwenye bahasha, uzihesabu.

Mwanao,
Tusajigwe