Gesi Isiyo na Harufu

Nairobi, 5 Februari 2024

Papa wangu mpenzi,

Salamu nyingi. Unaamkaje? Mgongo je? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku asubuhi inanikumbusha Bukavu.

Uliniuliza kazi yangu mpya ni kazi gani hasa, maana majirani zako wa mtaa wa Makindye wanadhani natangaza mvua. Hapana, Papa. Napima gesijoto, zile gesi zinazopanda angani na kuifanya dunia izidi kuwa na joto. Viwanda, hoteli na maghala yananitumia hesabu zao: dizeli ya jenereta, umeme, gesi wanayoongeza kwenye mashine za baridi. Mimi nakokotoa kila mmoja ametoa kiasi gani.

Sasa sikia kichekesho. Nimeletewa hesabu za ghala moja la samaki na nyama huko Kampala. Nikaangalia jina, nikaangalia tena. Ni ghala lenu, hilo unalofanyia kazi! Nikacheka peke yangu ofisini. Lakini Papa, kicheko hakikudumu. Mashine yenu inabeba mitungi minne tu ya gesi, na mwaka jana mmenunua kumi na moja. Gesi hiyo hailiwi na mashine kama dizeli, inazunguka humo humo. Kama mnaongeza kila mara, basi inavuja. Inavujia wapi?

Nijibu upesi, moyo wangu hautulii.

Binti yako,
Blandine


Kampala, 15 Februari 2024

Blandine mama,

Barua imefika na dereva wa basi, pamoja na sabuni. Asante, Mungu akuzidishie. Mimi niko salama, mgongo unalia lakini nikiukemea unanyamaza. Usinikasirikie kwa kutopokea simu. Masikio yangu yaliisha kwenye mashine zamani. Mtu akiongea simuni nasikia kama anakaanga samaki. Barua ndiyo yangu.

Sasa na wewe umenichekesha. Eti inavuja! Mashine gani haivuji, mtoto wangu? Mimi nimekula chumvi nyingi katika kazi hii. Kule Bukavu, kwenye kiwanda cha barafu, tulitumia amonia. Ile ilikuwa gesi yenye adabu: ikitoroka kidogo tu, macho yanawaka, pua inakimbia, na wewe unaifuata pua yako. Tangu hapo sijahitaji kipimo cha mtu. Kila asubuhi nashuka shimoni, chini ya ghala, mahali mashine zinapokaa. Navuta hewa kwa nguvu. Nikikuta hakuna harufu, naanza kazi. Hata fundi mwenzangu Rajab, yule Mnubi anayecheka ovyo, nimemfundisha hivyo hivyo. Siku hizi ananusa kuliko mbwa wa polisi.

Gesi ikipungua tunaongeza, basi. Bosi hataki tuzime mashine kutafuta tundu, samaki wa watu wataoza. Na mimi mkimbizi, mzee hivi, nikileta maneno nani atanipa kazi nyingine? Wewe kokotoa namba zako, uniachie shimo langu.

Ila siku hizi nikikaa humo kichwa kinaniuma na magoti yanalegea. Uzee huo.

Ni mimi Papa yako,
Mushagalusa


Nairobi, 21 Februari 2024

Papa,

Nakusalimu, ila leo sina salamu ndefu.

Si uzee! Nimesoma barua yako nimesimama, ikabidi nikae chini. Gesi ya mashine yenu si amonia. Haina harufu, Papa, hata chembe. Na ni nzito kuliko hewa. Inashuka, inajaa shimoni kuanzia sakafuni kama maji kwenye beseni, na hewa inafukuzwa. Utavuta pumzi ukidhani ni safi, kumbe huvuti kitu. Hutakohoa, macho hayatawaka. Mtu analegea magoti, anakaa, na habari yake imekwisha.

Hiyo mitungi iliyopotea, mimi naiona kwenye karatasi. Wewe unaingia ndani yake kila asubuhi!

Nakuomba kwa jina la Maman tuliyemzika Bukavu, usishuke tena mpaka waweke feni ya kuvuta hewa ya chini. Na jingine, kubwa kuliko hilo: mtu akianguka humo, usimfuate. Hata akikuita. Anayeshuka kumtoa mwenzake huangukia juu yake. Mvute kwa kamba. Niapie, Papa.

Nitamwandikia bosi wenu kwa njia ya ofisi kwamba gesi inavuja na shimo ni la hatari. Jina lako sitalitaja.

Binti yako mwenye hofu,
Blandine


Kampala, 2 Machi 2024

Blandine mama,

Natumaini unakula na unalala. Mimi kula nakula.

Nimeapa. Umemtaja Maman, ningefanya nini? Jana nilisimama mdomoni mwa shimo, nikanusa kama kawaida, sikusikia kitu, na mwili wote ukanisisimka. Zamani nikikosa harufu ndipo nilipokuwa na amani. Umeniharibia, mtoto wewe.

Rajab ananitania: "Muzee, leo unaogopa shimo lako mwenyewe?" Nimemweleza yote. Akainama, akanusa, akaniambia, "Kuna nini hapa?" Bosi amepokea barua ya ofisi yenu na hajafurahi. Anasema wanunuzi wa nje wanataka namba ndogo za gesi inayovuja, tundu lizibwe haraka. Kuhusu feni amesema tutaona.

Niombee.

Papa yako


Ujumbe wa simu, 9 Machi 2024

Papa, habari za huko? Feni imewekwa? Asishuke mtu yeyote. Nijibu hata neno moja. Blandine wako


Ujumbe wa simu, 12 Machi 2024

Papa, nimepiga simu ghalani, hawapokei. Niandikie tu "nipo". Binti yako


Kampala, 16 Machi 2024

Blandine mama,

Nipo.

Simu yangu ilianguka shimoni. Wameitoa jana, ndipo nikaona ujumbe wako. Nisamehe.

Jumamosi iliyopita bosi alikuja mwenyewe, akasema tundu lizibwe leo leo. Nikamwambia mimi sishuki, kumejaa gesi. Akauliza nimeijuaje. Nikasema haina harufu. Akacheka, watu wakacheka naye. Akamgeukia Rajab. Rajab akapiga magoti mdomoni mwa shimo, akafumba macho, akanusa taratibu vile nilivyomfundisha. Akasema, "Safi, bosi."

Nilimshika mkono. Nikamwambia usiende, nakusihi. Akanijibu kwamba mkewe Kaltumi ana mimba, tukikataa wote wawili tutafukuzwa wote wawili. Basi nikamfunga kamba kiunoni kwa nguvu, akanicheka kwamba nimemfunga kama mbuzi wa Idi. Akashuka akiimba. Hata mimi na masikio haya nilimsikia. Nilikuwa namwangazia kwa simu. Kisha wimbo ukakatika. Nikamwona amekaa sakafuni kama mtu aliyechoka tu. Akanitazama. Akaniinulia mkono, vile mtoto anavyoomba kubebwa.

Mguu wangu ulikuwa tayari kwenye ngazi, Blandine. Simu ikanitoka mkononi, kukawa giza humo, na nikakumbuka kiapo. Nikautoa mguu. Nikavuta kamba, bosi naye akavuta huku analia. Rajab ni mzito. Alitoka midomo imekuwa ya rangi ya majivu.

Yuko hospitali ya Mulago. Anapumua. Amefungua macho lakini hajamtambua mtu, na madaktari hawaahidi kitu. Feni iliwekwa Jumatatu.

Kaltumi anakaa nje ya wodi. Ni mfungo, na hata kwa hali yake amekataa kula mchana. Watu walishamwambia kwamba nilijua. Akaniuliza mbele ya wote: "Muzee, ulijua kuna gesi. Mbona hukushuka kumtoa?" Jibu ninalo, ulinipa wewe: tungelala wawili humo. Lakini nikitaka kulisema pale naliona kama neno la mwoga. Nauona ule mkono tu.

Tafadhali, mwandikie Kaltumi. Umweleze gesi hiyo vile ulivyonieleza mimi. Umwambie kwamba ni wewe uliyeniapisha. Barua nitampa mkononi na nitasimama pale mpaka amalize kuisoma. Naogopa, mama. Naogopa kuliko nilivyoogopa shimo.

Fanya haraka. Kila jioni nampelekea uji wa kufuturu, anaupokea, anashukuru, halafu ananiuliza tena.

Papa yako,
Mushagalusa