Ule Unga Haukuwa Limbwata

Baba Yasini,

Uji uko kwenye chupa ya chai. Kuku hawajapewa maji, wape wewe. Wenye manyoya nimewabeba, nimekuachia walionyonyoka. Ukimwona anayetoka damu mtenge, la sivyo wenzake watamla hai.

Asubuhi ulisema mbele ya dada yako Warda, "Uchawi wako umewarudia kuku." Sasa nakujibu. Ule unga mweupe unaonuka kama kabichi iliyooza, ulioumwaga chooni mwezi jana majirani wakichungulia, ukisema nakulisha limbwata, unaitwa methionini. Ni kirutubisho. Kuku hawezi kuitengeneza mwilini mwake, na pumba na mahindi hayana ya kutosha. Akiikosa, manyoya hayaoti vizuri, anaanza kudonoa ya mwenzake. Huchanganywa kidogo tu, maana ikizidi inawadumaza. Hata wewe unaihitaji, na unaila kila siku kwenye mayai na samaki. Ningekuwa na limbwata mimi, nisingelipoteza kwako!

Warda atakula hapo mchana. Mchinjie yule asiye na unyoya hata mmoja, hatawapa kazi.

Methionini inauzwa duka la dawa za mifugo, Nangurukuru. Kanunue mwenyewe, na uitaje kwa sauti.

~~Nitarudi Ijumaa.~~ Niko Pande kwa mama. Nitarudi nikisikia kwa watu, si kwa simu yako, kwamba umewaita majirani wale wale ukawaambia kilikuwa chakula cha kuku.

Mama Yasini